Magodoro Kwa Mzee Laszlo

Kwa miaka mingi nilikana kwamba nililelewa na Mzungu. Chuo kikuu, mbele ya Waafrika wenzangu, nilisimulia habari za Uvira hadi watu wakasahau kwamba niliondoka huko nikiwa mtoto wa shule ya msingi. Seven Hills, mtaa wetu wa Sydney, niliuruka. Baadaye nikawa mwandishi wa makala, nikajaza kurasa kuhusu uhamiaji na utambulisho, kurasa ambazo mama yangu huzitumia kufungia mandazi, na hakuna hata moja yenye jina la Laszlo. Sasa nasema wazi: nusu ya utoto wangu ni mali ya Mhungaria. Anayetaka kucheka acheke.

Wenzangu mliokulia Sydney enzi zetu mtakumbuka jinsi tulivyokuwa wachache. Hakukuwa na duka la unga wa muhogo wala sombe, yaani kisamvu, ya kugandishwa. Mama alichukua spinachi akaitwanga kwa hasira mpaka ikafanana na sombe kwa rangi, na sisi tukaila kwa heshima. Jioni tulicheza rede barabarani kwa mpira wa soksi, na watoto wa Kizungu wakashuka kwenye baiskeli zao za kung'aa wakiomba waingie. Tuliwaweka katikati na kuwapiga mpira mpaka wakajua kukwepa. Wanangu leo wana chumba kizima cha vitu vya kuchezea, na kazi yao ni kunijulisha kwamba hakuna cha kufanya. Nikiwasemesha Kiswahili hunijibu Kiingereza, kwa upole, kama makarani wa benki.

Mzee Laszlo alikuwa jirani wa upande wa kushoto. Vifaru vya Warusi vilipoingia Budapest, yeye na mkewe Ilona walivuka mpaka kwa miguu, mtoto wao Peter akiwa amefungwa kifuani ndani ya koti. Wakakaa kambini Austria, wakapanda meli, wakafika huku na kupelekwa kambi nyingine ya mabanda ya bati. Kwao alikuwa fundi mitambo. Hapa alipewa ufagio katika kiwanda cha matofali. Akafagia, na kila mwisho wa juma akaomba yale yaliyovunjika pembe, akayapeleka kwenye kiwanja chake kwa toroli. Ndiyo nyumba yake ile. Hakuna tofali zima ukutani. Alipenda kututembeza akiligusa moja baada ya jingine: "Hili walilikataa. Hili walilikataa. Na hili pia!" Akacheka kama mtu aliyemshinda mtu. Humo alimleta mama yake mzazi kutoka Hungaria, akamtunza hadi mwisho. Humo alimlea Peter mpaka akawa mhandisi.

Urafiki wetu ulianza kwa kelele. Siku moja mama alimwona, kupitia ua, aking'oa lengalenga, mchicha wa kwetu, na kuitupa. Lengalenga! Mboga tuliyoililia tangu tufike, yeye aliihesabu kuwa magugu. Mama alitoka mbio na kanga yake moja.

"Wacha! Wacha, Papa! Ile ni chakula!"

Mzee hakuelewa neno, ila alielewa uso. Akaweka mikono juu kama mtu aliyekamatwa. Tangu siku hiyo kona ya bustani yake ikawa yetu, kando ya pilipili zake nyekundu alizozikausha kwa uzi kwenye gereji. Bibi Ilona alitukaangia mandazi yao, mapana kama sahani, yaliyopakwa kitunguu saumu. Tulinuka vitunguu shuleni, na hatukujali. Watoto wa siku hizi wakinusa samaki kwenye kisanduku chao cha chakula, wanataka kubadilishiwa shule.

Kisha Bibi Ilona akaugua na kufa, muda mfupi kabla ya mwaka wetu wa kwanza kuisha.

Kwetu hilo halina mjadala. Mama alirudi kutoka sokoni, akasikia, akatua mzigo.

"Batoto, fungeni vitu. Leo hatulale hapa. Mutu hawezi kulia kilio peke yake."

Baba alijaribu kusema kwamba huenda Wazungu hawana desturi hiyo. Mama akamtwisha godoro. Tukatoka mchana kweupe, familia nzima: baba na magodoro mawili kichwani, mama na sufuria kubwa, mimi na mablanketi, wadogo zangu na vikombe. Tukasimama mlangoni kwa Mzee Laszlo, tukagonga.

Alifungua. Akatazama magodoro. Akatazama sufuria. Akatutazama sisi watoto, kisha akatazama barabara nyuma yetu, kulia na kushoto. Alituvuta ndani kwa mkono, akafunga mlango, akateremsha mapazia. Akampa mama chumba chake mwenyewe, kile cha yeye na Ilona. Kisha akaenda gerejini, akarudi na sepetu, akaweka kiti nyuma ya mlango, akakaa, sepetu mapajani.

Mama alimwangalia, akaguswa.

"Unaona?" alimnong'oneza baba. "Ni vile wao banaomboleza. Mwanamume analinda mlango. Enda ukae naye."

Baba, mtu mtiifu, akaenda gerejini akatafuta jembe, akaweka kiti kando ya Mzee. Wakakaa hivyo, wanaume wawili na zana za shamba, wakitazama mlango, wakipokezana kwenda msalani. Mama alipika. Aliimba nyimbo za kilio kwa sauti ya chini, na Mzee akawa anamwashiria ashushe sauti zaidi, asisikike nje.

Peter alifika kutoka Perth, upande wa pili wa nchi, kumzika mama yake akawakuta hivyo. Aliuliza hawa ni nani. Baba yake akamjibu kwa Kihungari, na baadaye nikajua alichosema: "Wamefukuzwa. Usiulize mbele ya watoto." Peter alikaa usiku mmoja hotelini, akahudhuria mazishi, akarudi Perth na uso wa mtu asiyeelewa.

Ni mimi niliyefumbua fumbo, kwa sababu nilikuwa na Kiingereza cha miezi michache cha shuleni na mdomo usiotulia. Baada ya mazishi Mzee aliniita akaniuliza, polepole, ni nani anayetutafuta.

"Hakuna," nikasema.

"Polisi?"

"Hakuna."

"Basi kwa nini magodoro?"

"Kwa sababu Bibi amekufa. Tumekuja kukaa na wewe."

Alinitazama kana kwamba nimemsemesha Kichina. Nikarudia. Akaliegemeza sepetu ukutani, taratibu. Tangu Ilona afe hakuwa amelia. Alikuwa na kazi ya kutulinda. Sasa alilia, na baba, ambaye bado hakuelewa lililosemwa, akaendelea kulinda mlango peke yake na jembe lake. Mzee alipomaliza aliuliza desturi ni kukaa kwa muda gani. Nilimuuliza mama. Mama akasema: mpaka itoshe.

"Good," akasema Mzee. "Kaeni."

Haijatosha hadi leo, kusema kweli. Magodoro yalirudi nyumbani, sisi hatukurudi kabisa. Nilifanyia kazi za shule kwenye meza yake. Ndiye aliyenifundisha baiskeli, kutukana kwa Kihungari, na kutoomba radhi kwa lafudhi yangu. Nilipoletewa barua ya kukubaliwa chuo kikuu alinipikia supu ya samaki yenye pilipili mpaka nikashindwa kusoma barua kwa machozi. Halafu nikaenda huko chuo nikajifanya simjui. Wasomi tuna vipaji vyetu.

Majira ya baridi ya mwaka huu Mzee alianguka jikoni akavunja nyonga. Amepita miaka tisini. Hospitali ikasema harudi nyumbani isipokuwa kuwe na mtu wa kuishi naye. Peter, ambaye sasa naye ni mzee, alimpatia nafasi katika nyumba ya wazee, na akataka kuiuza ile nyumba ya matofali. Mzee aligeukia ukuta wa hospitali akakataa kula.

Mama amefanya kazi ya kutunza wazee tangu mimi nikiwa sekondari. Hazichukii nyumba zile. "Banabaosha muzuri," husema. "Lakini kule yeye atakuwa mugeni tena. Amekuwa mugeni mara ngapi?" Kwa hiyo, Jumapili moja baada ya ibada, mjane huyu wa miaka sabini alibeba nguo zake akahamia nyumba ya kushoto, akaanza kufagia chumba cha Mzee.

Kina mama wa kanisani walipata la kusema. Mmoja alimsimamisha nje ya duka.

"Mama Furaha, ati umehamia kwa Mzungu?"

"Ndiyo. Ana miaka tisini na nyonga ya chuma. Unaogopa atanikimbiza?"

Ila Peter hakucheka. Aliniandikia ujumbe akiuliza mama yangu anatafuta nini hasa katika nyumba ya baba yake. Yeye ndiye mwenye kutia sahihi. Akisema nyumba ya wazee, ni nyumba ya wazee.

Nikiwa nasubiri jibu lake la mwisho nilifikiri sana juu ya enzi zile. Leo binti yangu hawezi kugonga mlango wa rafiki yake bila kutuma ujumbe kwanza, na rafiki naye hujibu kwamba Jumamosi ijayo familia yao ina nafasi kati ya saa nane na saa kumi. Wanaiita heshima. Mimi mwenyewe sijui jina la jirani wa ghorofa ya juu. Namjua kwa visigino vyake. Kama kesho nitasimama mlangoni kwake na godoro kichwani, ataita polisi, na hata mimi nitamwelewa. Hilo ndilo linaloniuma, kwamba nitamwelewa.

Peter alipiga simu Jumatatu saa sita mchana. Mimi na mama tulikuwa jikoni kwa Mzee. Niliweka simu kwenye spika. Alianza kwa adabu, akaeleza habari za daktari, kisha akashindwa kujizuia.

"Furaha, niambie tu. Nani alimruhusu mama yako kuhamia humo?"

Nilianza kumweleza kuhusu desturi, kama ninavyoandika kwenye makala. Mama aliifuta mikono, akanipokonya simu. Kiingereza chake hakina mapambo.

"Hakuna mtu," akamwambia. "Hata mama yako alipokufa, hakuna aliyeturuhusu."

Kule Perth Peter akataja magodoro yale, na baba yake kwenye kiti, sepetu mapajani.

"Alhamisi," akasema. "Waambieni hospitali wamlete Alhamisi."

"Wanamleta asubuhi ama mchana?" mama akauliza. "Nataka kujua nipike saa ngapi."