Kitambaa Juu ya Kompyuta

Binti yangu wa mwisho alitaka kompyuta ijifunze kuandika Kiiraqw kwa kusikiliza. Alikuwa amerekodi sauti za wazee wa Mbulu, na siku ya nne kompyuta ilikuwa bado inajifunza sebuleni kwetu. Yeye akaenda Tumati kumrekodi bibi mmoja mgonjwa, akaniachia zamu.

"Baba, kadi iliyo ndani ndiyo inayojifunza, na inapata joto," alisema. "Kila ukimaliza fungu moja la rozari, andika amri hii, usome namba ya joto. Ikipita themanini na tano, andika ya pili, inapunguza umeme. Ya tatu usiiguse kabla ya kunipigia. Hiyo inasimamisha kazi, na siku nne zote zinapotea."

Nilikuwa nimechoka na magoti yaliniuma, lakini nilimshukuru Mungu kwa kunipa kazi ya kukaa. Kwenye dirisha jeusi la kompyuta niliandika amri kwa kidole kimoja. Sabini na moja. Fungu la pili, sabini na mbili.

Mchana jumuiya ilikuwa ije kusali kwetu. Nikafagia, nikapanga viti, na kompyuta nikaivika kitambaa cha kufuma cha marehemu mke wangu, kama tunavyoivika redio wageni wakija.

Walipoondoka nikaandika amri. Themanini na nane. Nikaandika ya pili. Ikashuka moja, kisha ikapanda tena. Simu ya binti haikupatikana. Nikaandika ile ya tatu, herufi kwa herufi, kidole kikabaki juu ya kitufe cha mwisho. Nikasema, Bwana, mimi sijui.

Jirani aliyebaki kumalizia chai yake akauliza, "Mzee, mbona hicho kitambaa kinanuka kama kimetoka kwenye pasi?"

Nikakitoa. Kilikuwa cha moto mkononi. Nikafuta yale maandishi, nikasubiri, nikarudia amri ya kwanza. Themanini na tatu. Baadaye sabini na sita.

Jioni simu ikaita.

"Shikamoo baba. Kazi ipo?"

"Marahaba. Ipo. Niliifunika kompyuta kwa kitambaa cha mama yako."

"Baba, hata wewe ukifunikwa blanketi mchana kutwa utazimia."

"Kwa baridi hii ya Mbulu ningeshukuru."

Nikamsikia akicheka. Nilirudi kwenye kiti na rozari yangu. Nilikuwa nimesahau nimefika fungu la ngapi, nikaanza upya.