Hasira ya Babu na Hesabu Zangu

Nakumbuka alasiri moja ya mwezi wa kumi, mwanangu, nikipanda kilima cha kwetu Ronge kwenda kumwomba babu yangu aniondolee hasira yake. Nilikuwa kidato cha tatu. Zilibaki wiki tatu tu nifanye mtihani wa mwisho wa mwaka, nami nilikuwa na hakika kwamba bila yule mzee nimekwisha.

Nikueleze kwanza nilivyofika hapo. Hesabu zilikuwa zimenishinda. Muhula wa pili nilipata alama nane kwa mia, na hizo nane nadhani mwalimu alinihurumia. Mwalimu mkuu akatangaza kwamba asiyefikisha thelathini mwisho wa mwaka hatavuka kwenda kidato cha nne. Mama naye, mjane mwenye neno moja, akasema nyumbani kwake hakuna mtu wa kurudia darasa. Nikianguka nitateremka Voi kwa shangazi nikamlelee watoto. Hakupandisha sauti aliposema hivyo, na ndiyo sababu niliogopa. Shangazi alikuwa ameshaniandalia kitanda.

Sasa babu anaingiaje? Mwezi wa nane tulipokuwa tukivuna mahindi, aliniambia nirudi shambani kubeba kikapu cha mwisho. Nilikuwa nimechoka, na nilikuwa na mdomo. Nikamwambia, mbele ya watu, kwamba mtu asiyejua hata kuandika jina lake hawezi kumtuma msomi. Heri kujikwaa dole kuliko kujikwaa ulimi, lakini nani hukumbuka methali akiwa na hasira? Babu alinitazama, akajitwika kikapu mwenyewe, akaenda zake. 

Wewe umezaliwa mjini, huenda hujui haya. Kwetu Wataita, mzee akiwa na kinyongo na mtoto, hata asipokitamka, kinyongo hicho chaweza kumharibia mtoto mambo yake. Dawa yake ni kutasa. Mzee hutia kinywaji mdomoni, akakipuliza nje, huku akitamka kwa sauti kwamba yaliyomuudhi yamemtoka, ili moyo ubaki mweupe. Mama alikuwa mtu wa kanisa asiyekosa ibada, lakini hata yeye hakulicheka jambo hilo.

Basi nikawa nimepata jibu la shida yangu. Hesabu haziingii kwa sababu babu amekasirika. Nilifurahi, mwanangu, sikufichi. Nikaacha hata kulifungua daftari, kwa nini nihangaike ilhali kosa ni la moyo wa mtu mwingine? Mbaazi ukikosa maua husingizia jua, na jua langu lilikuwa mzee wa watu anayetembelea fimbo. Wiki zikapita nikiogopa kumkabili. Darasani nikiwaona wenzangu wameinamia vitabu, nikajituliza kwamba babu akitasa tu, kila kitu kitafunguka.

Siku hiyo nilimkuta nje ya nyumba yake anachambua maharagwe. Nikamwamkia, nikamweleza habari za mtihani, za mama na za Voi. Hakuuliza mengi. Aliingia ndani akatoka na kibuyu kidogo cha pombe ya muwa, akasimama, akapiga funda moja, akapuliza kuelekea bondeni. Akasema kama ana neno lolote juu yangu basi limtoke, niwe na amani, njia yangu iwe nyeupe. Mwili wote ukawa mwepesi. Nikashukuru, nikageuka niondoke.

"Enda ulete hiyo kitabu ya hesabu," akasema.

Nikadhani anatania. Hakuwa anatania. Nikateremka mpaka nyumbani, nikapanda tena, na njia nzima nikawa naogopa bila kujua ninaogopa nini.

Alilipokea daftari akaliweka magotini, akaanza kufungua ukurasa mmoja mmoja, polepole, kama mtu anayechambua yale maharagwe yake. Zilizoandikwa akazipita. Zenye wino mwekundu akazipita. Kisha akafika kwenye kurasa nyeupe, akaendelea kufungua, nyeupe, nyeupe, nyeupe, hadi jalada la nyuma. Akarudi kwenye ukurasa wa mwisho wenye maandishi, akaweka kidole pembeni juu, pale alipozoea kutuona sisi wajukuu tukiandika tarehe.

"Hapa inasema ilikuwa lini?"

 Nikamsomea: mwezi wa tano.

"Na mahindi tulivuna lini?"

Tulivuna mwezi wa nane, miezi mitatu baada ya tarehe ile. Niliyemwita hajui kusoma alikuwa amelisoma daftari langu lote kwa muda mfupi kuliko nilivyowahi kulisoma mimi. Nikaanza kulia, na hakuninyamazisha.

"Hasira yangu iliisha siku ile ile, hata mahindi hatujapukuchua," akasema. "Wewe ndiye ulikuwa unaitaka."

Ndipo nikamweleza kilichotokea mwezi wa tano. Tulianza somo jipya, na msichana mmoja, Mghoi, akanyoosha mkono akasema hajaelewa. Darasa zima likamcheka, na mimi nilicheka kuwashinda wote. Mwanangu, nami sikuwa nimeelewa hata mstari mmoja. Lakini baada ya kicheko kile ningeulizaje? Nikakaa kimya siku ile, kesho yake nikakaa tena, na lililokuwa somo moja likawa muhula mzima.

Babu alisema mficha uchi hazai, na kwamba kesho yake, kabla sijafanya lingine lolote, niende nikamwambie mwalimu mahali nilipoachia. Nilitumaini atasema tutaenda pamoja. Hakusema.

Mwalimu wetu wa hesabu, Mwalimu Mwakio, hakuwa mtu wa kuchekacheka. Nilisimama kwenye mlango wa chumba cha walimu, wanafunzi wakipita nyuma yangu. Mara mbili niligeuka kuondoka. Mara ya tatu akaniona, akauliza ninataka nini.

"Mwalimu, sijaelewa kitu tangu mwezi wa tano."

Walimu wengine waliacha kuandika.

"Tangu mwezi wa tano," akarudia. "Na nikiuliza kama kuna swali, nilikuwa naongea na nani?"

Safari hii sikuondoka. Akasema nije saa kumi, na nije na daftari lile lile, asione jipya.

Saa kumi nilipoingia darasani nilimkuta Mghoi kwenye benchi. Alikuwa akija kila siku tangu mwezi ule wa tano. Alinitazama, akasogea, nikaketi. Nilimwomba radhi kabla mwalimu hajafika, na nusu ya nilichojifunza wiki zile tatu alinifundisha yeye.

Usidhani hesabu zilikuja mbio. Nilikosea, nikafuta, nikakosea pahali pale pale. Siku moja Mwalimu Mwakio aliweka chaki chini akatoka nje apunge hewa, nikajua ni mimi niliyemtoa. Siku ya mtihani nilimaliza maswali saba tu, mengine sikuyagusa.

Majina yalibandikwa ukutani Ijumaa. Nilisoma kuanzia chini, maana ndiko nilikozoea kuwa. Sikujiona, na hofu ikanishika kwamba wamenisahau kabisa. Nikapanda na kidole mpaka nikajipata: thelathini na moja. Alama moja ya ziada. Mama nilipomwambia, alisema basi, kesho niamke mapema nikachote maji, akageukia jikoni haraka nisimwone uso.

Nikapanda tena kwa babu, safari hii sina ninalotaka. Nikamwomba msamaha kwa maneno niliyomtolea shambani, kwa maana siku ya kutasa nilifuata alama tu, msamaha sikuutaja hata kidogo. Aliitikia kwa kichwa. Kisha akauliza yule tuliyemcheka alipata ngapi. Nikamwambia sabini na mbili. Mzee alicheka mpaka akakohoa.

Mwanangu, nawasikia siku hizi. Mwalimu ananichukia, mtaala umetuchanganya, kuna mtu amenitupia jicho. Huenda hata ni kweli, walimu wenye chuki wapo na nimewaona. Lakini kabla hujamtafuta mtu wa kumtwika kushindwa kwako, fungua daftari lako mwenyewe, utafute ukurasa wa mwisho ulioandika, usome tarehe. Hapo ndipo ulipoanza kuogopa. Rudi hapo, hata kama umechelewa, hata kama ni aibu, umwambie anayejua kwamba wewe hujui. Kuuliza si ujinga. Na mwenzako akinyoosha mkono, usimcheke, huenda anauliza kwa niaba yako.

Nenda basi. Mungu akupe akili inayoshika na mdomo usioona haya. Siku utakaposimama mlangoni na miguu ikitaka kukukimbiza, akushikilie hapo hapo mpaka uwe umesema. Amina.