Kamera Iliyonionyesha Nikiinuka

Meneja wa loji aliponiambia nitafute kamera ya kurekodia wageni wanapopiga gofu, nilijiona kama nimepandishwa cheo. Nilikuwa nafundisha pale, kwenye kiwanja kidogo cha mazoezi juu ya mashamba ya kahawa nje ya Karatu, na hakuna aliyewahi kuniuliza nilisomea wapi. Nilijifunzia Arusha ujanani, nikiwabebea wachezaji mikoba yao na kuwatazama. Wageni walisema napiga vizuri. Nikaamini.

Siku ya kwenda kuichagua nilipanda gari la mwalimu aliyenifundisha shule ya msingi kule Rhotia. Amestaafu sasa, na kila Jumamosi, siku ambayo loji inawaruhusu wenyeji kucheza, anakuja nimfundishe. Mimi namwita Mwalimu, naye ananiita Mwalimu, wahudumu wakitusikia wanacheka.

Tulikwenda kwa mpiga picha mmoja mjini, anayerekodi harusi na kuuza kamera zilizotumika. Nilimweleza kwamba fimbo ya gofu inashuka kwa kasi mno, kwa hiyo nataka kamera inayochukua picha nyingi ndani ya sekunde moja, kila picha itoke safi, nikiisimamisha nione mikono, nyonga na magoti. Akanitolea mbili.

"Zijaribu hapo nyuma," alisema. "Mimi nawajua maharusi tu."

Ua wa nyuma anautumia pamoja na saluni ya jirani. Wanawake waliokuwa wakisukwa waligeuza macho tu, maana vichwa vilikuwa vimeshikwa. Nilichukua fimbo yangu garini, nikasimama, nikapiga hewa huku mpiga picha akirekodi.

Tuliporudisha taratibu picha za kamera ya kwanza, fimbo iliyeyuka ikawa kama moshi, na mwili wangu kivuli. Mtu angeweza kudhani ni mchezaji hodari. Kamera ya pili ilionyesha fimbo mpaka mikwaruzo yake. Na mimi nilionekana. Kabla fimbo haijafika chini, nyonga zilisukumwa mbele, magoti yakanyooka, nikainuka kama mtu aliyekalia siafu. Kila siku ya kazi nawaambia wageni: kaa chini, usiinuke.

"Rudia, kaka," mpiga picha alisema kwa upole. "Labda uliteleza."

Nilirudia. Ilikuwa mbaya zaidi, kwa kuwa safari hii nilikuwa najitahidi. Mwanamke mmoja wa saluni akamuuliza mwenzake, "Huyu ndiye anayefundisha wazungu kule loji?" Hakusema kwa dharau. Aliuliza tu.

Mwalimu akanipokea fimbo. "Nirekodi na mimi."

Akapiga. Tukatazama. Aliinuka palepale ninapoinuka, akatupa kidevu upande uleule. Mzee wa watu, ameniiga mpaka kidevu. Alikitazama kile kioo kidogo kwa muda, kisha akaniambia kwa Kiiraqw, ili mpiga picha asielewe, "Kumbe ndiyo maana mgongo."

Tangu mvua zianze alikuwa akilalamika mgongo. Nilikuwa nikimjibu, "Ni umri, Mwalimu." Nilisema hivyo kwa uhakika wa mtu anayejua kazi yake.

"Sasa mnachukua ipi?" mpiga picha aliuliza.

Nilitamani kusema ya kwanza. Sababu zilikuwa tayari mdomoni: ni nyepesi, betri yake inadumu, wageni wenyewe wanataka kumbukumbu tu. Mwalimu alikuwa ananitazama kama alivyonitazama zamani darasani, akisubiri jibu bila kunisaidia.

"Ya pili," nikasema. "Na stendi yake."

Tulikuwa garini, tumeshaacha lami. "Nisamehe, Mwalimu," nikamwambia. "Mgongo wako nimeuumiza mimi."

Alibadilisha gia. "Nimefundisha miaka yote ile," alisema, "sijawahi kujiona nikifundisha." Baadaye kidogo akauliza, "Jumamosi nije saa ngapi?"

"Usije kwanza. Nikishajirekebisha nitakuita."

Nikaanza kufanya mazoezi peke yangu asubuhi, ukungu wa msitu wa kreta ukiwa bado umelala kiwanjani, kamera ikiwa juu ya stendi. Mwili ulikuwa mbishi. Kila niliporudisha picha, niliomba kimoyomoyo niwe nimekaa chini, na mara nyingi nilikuwa nimesimama. Nilimweleza meneja ukweli. Akasema wageni hawatambui, niendelee na kazi. Afadhali angenigombeza.

Mwalimu nilimwita mvua zilipokwisha. Tulianza upya, mapigo mafupi, mikono isipite kiuno. Maumivu ya mgongo yamepungua, ingawa hayajaisha. Bado ananiita Mwalimu, nami naitika nikiwa nimetazama nyasi.

Wengine siwezi kuwaita. Walilala loji siku chache, wakashuka kreta kutazama wanyama, wakarudi kwao na ule mwinuko wangu viunoni. Namkumbuka zaidi bibi mmoja mwenye mvi, mcheshi, aliyeogopa kupiga mpira siku ya kwanza. Siku anaondoka alinikumbatia mbele ya wahudumu, akasema akifika kwao atawafundisha wajukuu wake vilevile nilivyomfundisha. Nilimpigia makofi. Nilimwambia asibadilishe chochote.