Conjesta na Roketi za Alasiri

Saa kumi na moja jioni, mtaa wa Hail, Maskati. Conjesta Kokushubila anazima pasi na kuiacha kanzu mezani, mkono mmoja umenyooka, mwingine bado una makunyanzi. Kwenye televisheni ya ukumbini, huko Marekani ambako sasa hivi ni asubuhi, roketi nyeupe imesimama ikitoa mvuke, kama mtu anayepumua kwenye baridi.

"Zimebaki dakika ngapi, Konji?" Sauti inatoka kwenye kiti kilicho karibu na dirisha.

"Mbili, Bi Mkubwa."

"Basi fukiza. Wasafiri wasituondokee hivi hivi."

Conjesta anachukua chetezo, anadondosha kipande cha udi juu ya kaa la moto, na kukipitisha taratibu mbele ya televisheni, kuanzia kulia kwenda kushoto. Moshi wenye harufu tamu unaifunika roketi. Katika nyumba za Oman mgeni hufukizwa udi anapotaka kuondoka, na Bi Nasriya, aliye kitini, haoni kwa nini anayeondoka duniani kabisa apewe heshima pungufu.

Kisha Conjesta anachuchumaa kando ya kiti na kuanza kazi ambayo haikuandikwa kwenye mkataba wowote. Anasema anachokiona.

"Moto umewaka chini. Bado haijanyanyuka. Bado... Imeachia! Imeachia, Bi Mkubwa! Inapanda polepole, kama haitaki. Sasa inataka! Mkia wake mrefu kuliko yenyewe, mweupe, katikati dhahabu. Inainama kidogo. Inakuwa nyota. Basi, imekuwa nyota."

"Allah awafikishe," anasema Bi Nasriya.

"Amina," anajibu Conjesta, muumini wa Kanisa Katoliki, na anarudi kwenye mkono wa kanzu uliobaki.

Ana miaka arobaini na mitatu. Ametoka Muleba, mkoani Kagera, na amefanya kazi za ndani Oman kwa miaka minane. Nyumba ya kwanza ilikuwa Mabela, pembezoni mwa Maskati. Hapendi kuizungumzia. "Kule nilikuwa naamka kabla ya watu na kulala baada ya vyombo," anasema. "Mbingu niliziona nikianika nguo tu."

Hapa Hail aliajiriwa kumtunza Bi Nasriya, mjane mwenye umri wa miaka sabini na minne, mzaliwa wa Unguja, ambaye macho yake yanakufa pole pole kwa ugonjwa wa presha ya macho. Kila mwaka duara la anachoona linapungua. "Nnaona kama nnachungulia tundu la ufunguo," anaeleza mwenyewe. "Na huo mlango haufunguki tena. Daktari kasema tuombe tundu lisizibe."

Katika tundu hilo kuna jambo moja analotaka liingie kabla halijaziba. Anataka kuona chombo kikiruka kwenda angani. Si kwenye televisheni. Kwa macho yake.

Kiu hiyo ni ya zamani. Akiwa mke kijana alifuatana na mumewe aliyekwenda kusoma Florida, enzi za vile vyombo vya Marekani vyenye mabawa kama ndege. Siku moja waliwapakia watoto garini wakaenda kutazama. Wakangoja mpaka chai ikapoa kwenye chupa. Safari ikaahirishwa. Kilipokuja kuruka, mumewe alikuwa kwenye mtihani na yeye alikuwa jikoni. Alipotoka uani mbio na mwiko mkononi, alikuta moshi tu.

"Moshi mtupu! Umejikunja juu pale kama kilemba," anasema, na kucheka hadi miwani inateleza.

Vyombo vile havirushwi tena. Lakini binti yake, Khawla, anayefanya kazi benki na ndiye mwajiri wa Conjesta, alimtafutia kwenye intaneti video zake za zamani. Zikawa dawa ya jioni ndefu. Siku za kwanza Conjesta alipita nyuma ya kiti na kapu la nguo bila kuangalia. Alidhani ni sinema. Siku aliyoambiwa kwamba ndani mle wamekaa watu, watu kweli, wenye mama zao, aliliweka kapu chini.

"Moyo ulinienda mbio kama mimi ndiye niliyefungwa mkanda," anakumbuka. "Nilisema, jamani, binadamu anaketi juu ya moto kwa hiari yake, halafu anapunga mkono! Tangu hapo nimekwisha. Nikisikia wanahesabu kurudi nyuma, kapu naliacha palepale. Na nikilala naota napanda. Sina injini, sina chochote, nimejifunga khanga tu, Muleba inakuwa ndogo, ziwa linakuwa kama sahani."

Bi Nasriya aliposhindwa kufuata picha, Conjesta akawa macho yake. Ijumaa, siku yake pekee ya mapumziko na siku ambayo makanisa ya Oman nayo husali, Watanzania wenzake kanisani, mtaa wa Ghala, humngoja mlangoni. "Mama Roketi! Leo umeshuka?" humtania. Naye hujibu, "Nimeshuka kusali, napanda jioni."

Majira ya baridi yaliyopita habari zikafika kwamba roketi ndogo ya majaribio ingerushwa kutoka pwani ya kusini, upande wa Dukum, saa kadhaa kwa gari kutoka Maskati. Haikuwa na abiria. Ilikuwa mwanasesere ukiilinganisha na zile za kwenye televisheni. Bi Nasriya hakujali.

"Hata kama ni fataki, ntakwenda," alimwambia bintiye. "Ya Marekani ilinikimbia. Hii imenifuata mpaka nyumbani."

Ilikuwa Ijumaa. Conjesta aliisamehe siku yake. Waliondoka baada ya sala ya alfajiri, Khawla usukani, chupa ya kahawa, tende, kiti cha kukunja na mwavuli nyuma. Walifika wakakuta familia zimetawanyika mchangani, wengine na mishikaki, wote wametazama baharini, mahali roketi ingepita.

Adhuhuri ikaingia, Bi Nasriya akasali kwenye kiti, kwa sababu ya magoti. Khawla alimkumbusha kwamba msafiri ana ruhusa ya kuikusanya alasiri humo humo, amalize zote kwa mara moja.

"Haraka ya nini?" mama akamjibu. "Alasiri ntaisali kwa wakati wake. Nimekuja kukaa, sikuja kukimbia."

Upepo ukavuma. Muda uliotajwa ukapita. Baadhi ya magari yakawashwa, watu wakaanza kuondoka wakisema leo khalas, hakuna kitu. Alasiri ilipoingia, Khawla alikwenda kuulizia. Conjesta akakigeuza kiti kuelekea kibla.

Na kibla cha pwani ile kipo upande wa nchi kavu. Bahari ikabaki mgongoni.

Bi Nasriya alikuwa katika rakaa ya pili ya sala fupi ya msafiri. Conjesta alisimama pembeni amemshikia mwavuli. Ndipo akaona mwanga ukichomoza upande wa baharini, nyuma ya vilima vya mchanga vya ufukweni.

"Haukuwa na sauti," anasimulia, na sauti yake mwenyewe inashuka. "Sauti huchelewa. Kile kimya ndicho kilichonitesa. Roketi inapanda, naiona, na huyu mama amengoja miaka yote hiyo. Nikinyoosha mkono nimguse bega, anageuka, anaiona. Lakini mtu yuko mbele ya Mungu, nimguse nimwambie nini? Geuka uone moto? Mkono niliunyanyua. Nikaurudisha."

Kisha ngurumo ikafika, ikapita mchangani, ikapanda miguuni. Conjesta aliuona mgongo wa Bi Nasriya ukitetemeka. Kichwa hakikugeuka. Mama yule alisoma tahiyatu mpaka mwisho, akatoa salamu kulia, akatoa salamu kushoto, polepole kuliko siku zote.

"Imekwenda?" akauliza.

"Imekwenda, Bi Mkubwa."

"Haya niambie."

Conjesta alifungua kinywa. Miaka yote ya mikia ya dhahabu na nyota, na siku ya siku hakupata neno. Alikigeuza kiti kuelekea baharini, akamshika mkono, akakinyanyua kidole chake na kukipitisha juu ya mstari mweupe uliokuwa bado unaning'inia angani, kuanzia chini ulikokuwa mnene hadi juu ulikopotelea. Bi Nasriya alikifuata kidole chake mwenyewe kwa lile tundu la ufunguo.

"Moshi tena," akasema mwishowe. "Wallahi mie riziki yangu moshi." Akacheka. Conjesta ndiye aliyelia. Khawla aliporudi mbio alimkuta bibi anamfuta machozi mtumishi kwa ncha ya mtandio.

Inasemekana kutakuwa na jaribio jingine joto likipungua. Daktari naye ameona kwamba duara limepungua tena. Mkataba wa Conjesta unakwisha kabla ya hapo, na alikuwa ameshapanga kurudi Muleba moja kwa moja, akafungue duka la vitambaa na binti yake, Benedikta. Amemwomba Khawla asimkatie tiketi kwanza.

"Benedikta alinigombeza kwenye simu. 'Mama, unachelewa kuja kwa sababu ya fataki ya Waarabu?' Nikamwambia, nyamaza nikusimulie. Nikamsimulia yote. Nilipomaliza akaniuliza, 'Sasa hiyo nyingine inaruka lini?'"

Chetezo cha pili kimeshawekwa kwenye buti la gari, pamoja na mfuko wa makaa. Kutoka kitini, Bi Nasriya anatoa amri ya mwisho ya safari.

"Mara hii ntakusanya adhuhuri na alasiri, tena mapema. Ruhusa ilikuwepo, nikailetea maringo. Na nikishasali kiti kisigeuzwe tena, umeskia, Konji?"

"Nimesikia, Bi Mkubwa."

Conjesta anakunja kanzu iliyokamilika na kuiweka juu ya nyingine. Anaulizwa siku hiyo atasema nini roketi ikipanda.

"Natamani nisiseme," anajibu. "Nataka yeye ndiye anisimulie mimi."