Mtambo Uliozimika Foa

Simu za kisiwani Foa zilipita kwenye mtambo aliouunda Sefita kwa programu anazoandika na kuzigawa bure, zikatumiwa hata na watu wasiomjua. Ukikorofisha, aliutengeneza akiwa kwake mjini Nukuʻalofa, chai haijapoa. Safari hii alihangaika nao wee, kimya. Akapanda meli, uso kaukunja.

Akakuta waya wa umeme umechomolewa, shangazi yake Lavinia kaketi kando.

“Nani kauchomoa?”

“Mimi.”

Sefita akameza hasira, maana dada wa baba hajibiwi.

“Kila ukiharibika unautengeneza hukohuko mjini,” shangazi akasema, akimpakulia nyama ya tui iliyookwa ndani ya majani ya magimbi. “Nikasema ngoja niuharibu mwenyewe, tuone kama hutakuja.”