Mshenga Aliyechanwa Suruali

Nilipotaka kuoa, tatizo langu lilikuwa mdomo. Mbele ya watu wazima ulikuwa haufunguki. Baba alikuwa amekwisha fariki, kwa hiyo mama akaagiza aje binamu yangu wa Mombasa, mtoto wa shangazi, awe mshenga. Huyo hata usingizini alikuwa haishiwi maneno.

Alishuka melini na suruali ya kubana, imemshika miguu kama ganda la muhogo. Miaka ile chama kilikuwa kimepiga vita mavazi ya namna hiyo. Nikamnong'oneza, "Kaka, hapa hizo zimekatazwa. Ngoja nikuletee msuli."

Akacheka. "Mimi Mkenya, yakhe. Sheria zenu zanihusu nini?"

Hatukufika mbali. Karibu na soko vijana wa chama walitusimamisha, mmoja ameshika chupa tupu ya soda. Chupa ikiingia ndani ya mguu wa suruali mpaka gotini, unapita.

"Ndugu mgeni, inua mguu."

"Si mwaona mimi mgeni? Nipisheni!"

"Ndiyo maana tumekuita ndugu mgeni. Inua."

Chupa iligoma pale pale kwenye kifundo. Mkasi ukapita, kulia na kushoto, mpaka magotini. Akina mama wauza samaki wakapiga vigelegele. Binamu akatembea hadi kwetu Ufukoni, vitambaa vinapepea, hasemi neno. Hapo ndipo nilipoogopa. Kesho yake tulikuwa tunangojwa Naliendele kwa wazazi wa binti, na mshenga wangu amekuwa bubu.

Jioni mama alimletea kanzu ya marehemu baba, na kofia.

"Kwenu Mombasa mgeni akija, hamumwambii avae vipi?"

"Twamwambia, mama."

"Asiposikia?"

"Twamcheka."

"Haya, vaa."

Akavaa, akajitazama kwenye kioo, na ulimi ukarudi.

Kule Naliendele alisema vizuri mno. Alieleza ukoo wetu, mikorosho yetu, na tabia yangu, ambayo mimi mwenyewe sikuitambua. Baba wa binti alikuwa akiitikia kwa kichwa. Mimi nilikaa nyuma kabisa, na suruali ambayo mguuni mwake zingepita chupa mbili kwa pamoja. Bibi wa binti hakunitazama hata mara moja. Macho yake yote yalikuwa kwa binamu.

"Huyu wa kanzu ana mke?" akauliza.

"Bado, bibi," akajibu binamu, na mjinga yule akatabasamu.

Bibi akamgeukia mwanawe. "Sasa tunamtafuta nani tena?"

Watu wakaangua kicheko. Nyuma ya pazia la mlangoni nako nikasikia kicheko, na nilikijua ni cha nani. Nikajikuta nimesimama.

"Bibi, anayeoa ni mimi! Na hiyo kanzu ni ya baba yangu!"

Bibi akanitazama kuanzia miguuni hadi kichwani.

"Kumbe linasema!" Akapiga mkeka kwa kiganja. "Sogea hapa mbele, baba. Na wewe wa kanzu, hebu mpishe mume wa mjukuu wangu."