Jicho la Tache, Kichwa cha Kathure

Hakuna msusi hodari Isiolo nzima kama Kathure, na hakuna mwongo kama yeye. Nasema nikiwa jirani yake wa miaka tisa. Yeye ana saluni ya mabati hapa Wabera, mimi Habibo, mama yake Nasteha, nauza chai na maziwa ya ngamia mlango wa pili, na kati yetu kuna bati moja tu. Akipiga chafya, mimi ndiye wa kumwambia pole.

Alishuka kutoka Meru na kiti kimoja cha plastiki na kitana. Vidole vyake, mashallah, havina mfano. (Hiyo mashallah naisema mapema, mtajua kwa nini.) Ukikaa saa tatu asubuhi, ikiadhiniwa adhuhuri tayari unachovywa ncha za nywele kwenye maji moto, unaenda zako umependeza. Shida inaanza jioni. Kichwa kinawasha, shingo inatoa vipele, mto unauona adui.

Ukirudi kulalamika, Kathure hakosi jibu, na jibu linategemea dini yako. Mwislamu anaambiwa, "Ni jicho, mama. Umependeza sana, watu wamekuona." Mkristo anaambiwa ni vita vya kiroho, azidishe maombi. Mwalimu mmoja aliyesema yeye hana dini aliambiwa ni maji ya Isiolo, yana chumvi. Nywele za pakiti hazikuwahi kuwa na kosa hata siku moja. Na dawa ilikuwa moja kwa wote: "Usikune, utaharibu laini za nywele. Piga." Basi mji mzima ukajaa wanawake wanaojipiga makofi kichwani, sokoni, benki, hata matangani, na hakuna aliyeona ajabu.

Mwaka jana, miezi miwili kabla ya Ramadhani, Kathure akafungua saluni akiwa na hijabu. Mmeru, binti wa mzee wa kanisa, hijabu nyeusi imekazwa hadi kwenye nyusi! Watu wa Isiolo hawangoji kuelezwa. Kufikia alasiri alikuwa ameshasilimu, kufikia magharibi alikuwa ameshapata mchumba. Mimi mwenyewe nilimpelekea msala na tende, machozi yananitoka.

"Asante, Mama Nasteha," akasema huku ameangalia chini. Nikadhani ni haya. Haya gani!

Hakukubali, hakukataa. Wateja wakaongezeka, maana nani hataki kusukwa na dada mpya katika dini? Ramadhani ilipoingia nikamsikia kupitia bati akitafuna githeri saa saba mchana. Nikajiambia, mtu mpya apewe muda.

Baada ya Idi ikawa zamu ya binti yangu Nasteha. Harusi ilikuwa Jumapili. Jumatano akakaa kwa Kathure, akatoka na nywele nyembamba hadi kiunoni. Wifi yangu Tache, dada ya mume wangu, alikuwa kibandani kwangu anakunywa chai. Tache ndiye shangazi wa kumfunga bi harusi shela, na tangu mwezi uliotangulia alikuwa hana hadithi nyingine. Akazishika zile nywele. "Wewe! Umekuwa mrembo hivi lini?"

Basi, akaishia hapo. Hakusema mashallah ya kukinga jicho. Tache ni msahaulifu, husahau hata kufunga mlango wa nyumba yake. Lakini ile mashallah ambayo hakuisema niliisikia mpaka kwenye mifupa.

Alhamisi asubuhi Nasteha alikuwa anajipiga kichwa kwa mikono miwili. Adhuhuri masikio yakavimba. Ijumaa uso ukaumuka kama mandazi, macho yakafungika. Nikapiga lile bati, nikamuuliza Kathure ni nini hii.

"Ni jicho, Mama Nasteha."

Hapo hapo nikampigia Tache. Nikamwambia asikanyage harusini. Nikamwambia shela itafungwa na mtu mwingine, na kwamba mwanamke asiyezaa ana jicho la njaa. Ndiyo, nilisema hivyo, kwa mtu aliyembeba Nasteha mgongoni nilipokuwa mgonjwa mwaka mzima. Tache akakata simu.

Tukamsomea maji, tukafukiza ubani. Msichana akazidi kuvimba. Jumamosi asubuhi nikamshika mkono, maana haoni njia, nikampeleka kwa Kathure afumue zile za mbele tu, shela ipate pa kukaa. Kathure alimtazama mtoto usoni, akakaa chini sakafuni, akaivua hijabu.

Ya Allah! Kile kichwa! Vidonda vikavu, vidonda vibichi, na katikati upara unaong'aa.

"Ni nywele," akasema. "Hata mimi zilinichoma hivyo hivyo. Daktari aliniambia kabla ya mfungo wenu. Kuna dawa zinapakwa kule kiwandani. Wengine haziwagusi, wengine zinawaunguza. Akasema niziloweke kwa siki kwanza nizioshe, na mtu akiwashwa nimfumue haraka. Lakini nani atakuja kusukwa na mtu mwenye kichwa kama hiki?"

"Mfungo *wenu*?" nikamuuliza. Katika yote aliyosema, hilo ndilo lililonitoka kwanza.

Nilimtukana kwa Kiborana, nikamtukana kwa Kiswahili, nikamalizia na yale maneno machache ya Kimeru ninayojua, ambayo ni yeye aliyenifundisha. Vidole vyake vilikuwa vimeshaanza kufumua, na kufikia adhuhuri kichwa chote kilikuwa huru. Nasteha akapelekwa zahanati, akadungwa sindano. Daktari akasema kesho ataolewa na nywele zake mwenyewe, na atamwona bwana harusi kwa jicho moja na nusu.

Amebaki Tache.

"Tunaenda wote," nikamwambia Kathure, "na hiyo hijabu uiache hapa."

Akatembea kichwa wazi, Wabera yote inamtazama, na kabla hatujafika kona watu walikuwa wameshamtoa kwenye dini waliyomwingiza wenyewe. Njia nzima nilikuwa natafuta maneno ya kumchoma zaidi. Nikakosa. Yeye alisema neno moja tu, jicho. Yale ya utasa niliongeza mimi.

Tache alifungua mlango, macho mekundu. Nyuma yake, juu ya kiti, niliona shela ya Nasteha, imepigwa pasi na kukunjwa. Nikaomba msamaha vibaya, kwa maneno mengi mno.

"Si jicho lako, wifi, ni nywele. Kathure alijua, akanificha. Tazama mwenyewe!"

Nikamsukuma Kathure mbele. Akainamisha kile kichwa kwenye mwanga. Tache akakitazama polepole, kidonda kwa kidonda, bila haraka yoyote. Kisha akainua macho akanitazama mimi.

"Mashallah," akasema.

Akachukua shela kwenye kiti, akaniwekea mikononi. Na siku hiyo hakusahau kufunga mlango.